Zirkonia ya Meno: Sahihisha Kabla ya Tanuri

Katika maabara ya meno ninamofanyia kazi hapa Nairobi, taji la zirkonia (kifuniko cha jino cha kauri ngumu) likirudishwa limevunjika, lawama ya kwanza huangukia nyenzo. Mimi hutazama kwanza uso wa ndani na kingo chini ya darubini, kwa kuwa mara nyingi ufa huwa umeanzia mahali paliposagwa baada ya taji kutoka tanurini.

Zirkonia ya kawaida ya meno, yenye takribani asilimia 3 kwa moli ya yitria (oksidi inayochanganywa ili kudumisha umbo la fuwele), hubeba fuwele za umbo liitwalo tetragonali, ambazo ufa ukizifikia hugeuka kuwa za umbo jingine, monokliniki, zikapanuka kwa asilimia 4 hadi 5 hivi na kuubana ufa usiendelee. Kusaga huamsha mageuzi hayohayo juu ya uso, na mkandamizo unaopatikana huweza hata kuongeza nguvu kidogo. Tatizo ni kwamba kisagio cha almasi ya chembe kubwa, kikikandamizwa, huacha nyufa zinazopenya chini ya tabaka hilo la uso lililobanwa, nalo joto la kusaga bila maji huzirudisha fuwele katika hali yake ya awali, ukabaki na nyufa pasipo kinga.

Kwa hiyo kingo, miinuko ya kutafunia na viungo vya daraja visahihishwe wakati zirkonia iliyochongwa kutoka kwenye bloku ingali laini kama chaki, kabla haijachomwa kwa nyuzi 1450 hadi 1550 za Selsiasi na kusinyaa kwa asilimia 20 hadi 25. Hata hapo, kifaa cha kukatia kilichochakaa humega kingo nyembamba, na tanuri haizibi mmeguko. Kibadilishwe mapema, ijapokuwa bei yake inauma.

Daktari akilazimika kupunguza taji, atumie kisagio cha almasi ya chembe laini, maji mengi na mkono mwepesi, kisha alisugue hadi ling'ae. Glezi (tabaka jembamba la kioo linalopakwa juu ya taji) pekee haitoshi, kwa sababu huisha kwa kutafuna, na uso wenye mikwaruzo uliobaki chini yake hula enameli ya jino la upande wa pili.

Zirkonia angavu yenye yitria ya takribani asilimia 5 inahitaji uangalifu zaidi: fuwele zake nyingi ni za umbo la kyubiki, hazigeuki kuzuia ufa. Mataji ya aina hiyo mimi huyaandikia jina la nyenzo kwenye pakiti, ili daktari alisome kabla ya kushika mashine.