Mwambie Kazi Yake Iliishia Wapi

Muuguzi wa zamu ya usiku ana taabu moja ambayo haimo kwenye ratiba: haoni mwisho wa kazi yake. Anakesha na mama aliyepandwa na presha, anampima kila mara, anamwita daktari, kukicha anakabidhi zamu na kwenda kulala. Akirudi jioni, kitandani yuko mtu mwingine. Yule alipona? Alipewa rufaa? Hakuna wa kumwambia, kila mtu yuko mbio.

Kwa miaka niliyosimamia wauguzi wodi ya wazazi, hakuna dogo lililosaidia kuliko kumrudishia mtu habari. "Sista, yule mama wako wa kitanda cha sita karuhusiwa leo, mtoto ananyonya vizuri. Ulimwahi." Basi. Uchovu hauishi, lakini usiku huo utamkuta anazungukia vitanda bila kusukumwa, tena anamwelekeza mwanafunzi aliye mafunzoni.

Teresa Amabile wa Harvard na mwenzake Steven Kramer walipitia karibu maingizo 12,000 ya kila siku kwenye shajara za wafanyakazi 238, wakachapisha waliyoyaona mwaka 2011. Katika siku ambazo watu waliziona nzuri, kilichojitokeza zaidi ni kazi yenye maana kusogea mbele, hata kidogo. Ila kukwama kuliwaumiza kuliko kusogea kulivyowafurahisha. Nami nimeliona hilo: karipio moja mbele ya wagonjwa hufuta pongezi za wiki nzima.

Na kwa bosi anayetaka hesabu, watafiti wa Oxford na wenzao waliwafuatilia wafanyakazi wanaouza kwa kupiga simu katika kampuni ya mawasiliano ya BT, Uingereza, kwa miezi 6. Wakiwa na furaha, utendaji wao ulikuwa juu kwa asilimia 13, na wala hawakuongeza saa za kazi.

Sasa, "hongereni jamani, kazi nzuri" ya kuwarushia watu wote kwenye kundi la WhatsApp haimfikii mtu. Taja alichofanya, na ukiseme mapema. Mwenye haya mvute pembeni, kumsifia mbele za watu ni kumtesa. Kwenye ripoti ya asubuhi, kabla ya glavu zilizokwisha na dripu zisizotosha, sisi tulianza na jambo moja lililokwenda sawa usiku. Mwanzoni walicheka, wakaona mambo ya semina. Baadaye nikisahau, wananikumbusha wao.

Lakini usitumie sifa kuziba deni. Posho ya usiku ikichelewa, fuatilia posho kwanza. Sifa za siku hiyo zinasikika kama kejeli, na wana haki ya kununa.

Na kama humsimamii mtu yeyote, yupo mhudumu anayesafisha chumba cha kujifungulia saa tisa usiku ili mama anayefuata akute pasafi. Huyo ndiye haambiwi kitu kabisa. Anza naye.