Usimpe dozi nyingine kabla hujajua ni tundu lipi

Mkuu, weka hizo kapsuli chini. Najua sijasalimia, tutasalimiana baadaye.

Umeandika kwamba mbwa wako wa miaka saba anatoka makamasi mazito ya njano, hii ni wiki ya tano. Ulimpa antibayotiki, makamasi yakakauka, sasa yamerudi na siku mbili hagusi chakula. Unauliza urudie dozi ileile au utafute kali zaidi. Halafu ukauliza kama chakula kipya ulichombadilishia ndicho chanzo, kama umfukize mvuke bafuni, umpe nini hamu irudi, na kama yule mtoto wa mbwa uliye naye ndani ataambukizwa. Wachangiaji wanne hapo juu wameshakutajia dawa tano. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza swali la kwanza kabisa: yanatoka tundu moja la pua au yote mawili?

Nenda kaangalie sasa hivi. Mfute pua vizuri kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, subiri akauke, kisha umvizie akiwa ametulia uone unyevu unaanzia wapi. Mimi swali hili niliulizwa baada ya miezi minne ya kutibu, nikabaki nimetoa macho. Miezi minne namfuta mbwa pua kila siku, na sikuwa na jibu!

Mbwa wangu anaitwa Bosi. Alianza na chafya mbili tatu asubuhi, hasa akimaliza kula au kunywa maji. (Kumbuka hilo la chafya baada ya kula, mimi nililipuuza.) Ukaja unyevu, yakaja makamasi. Nina jamaa ambaye kila akifungua mdomo huanza na "mimi nimefuga mbwa miaka ishirini". Yeye ndiye aliyenihakikishia kwamba hayo ni mafua ya baridi, antibayotiki siku tano na habari imekwisha. Sikuwahi kujiuliza mbona mbwa wake wote ni vijana, wale wa zamani wako wapi. Nikaenda dukani. Muuzaji hakuuliza umri wala uzito. Aliuliza "mkubwa au mdogo?", nikaonyesha kwa mkono usawa wa goti langu, akahesabu kapsuli. Hicho ndicho kipimo pekee alichofanyiwa Bosi kwa miezi minne: urefu wa goti langu.

Sasa sikiliza sehemu inayouma. Dawa ilifanya kazi! Siku ya tatu pua kavu, Bosi anakula, na mimi natembea kifua mbele kama nimegundua dawa mwenyewe. Siku ya nne nikakatisha dozi na kuweka kapsuli zilizobaki kwenye droo, maana mimi ni mtu wa kubana matumizi. Haikupita wiki mbili makamasi yakarudi. Nikafungua droo. Yakakauka, yakarudi tena, na safari hii yananuka. Yule jamaa akasema hiyo ni sugu, inataka kitu kikali. Nikanunua kikali. Hicho kilimfanya atapike na kuharibika tumbo, na ile hamu ndogo ya kula iliyokuwa imebaki ikaondoka nayo.

Nilichokuwa sielewi ni kwamba makamasi ya njano mara nyingi huwa ni bakteria waliodandia tatizo jingine lililotangulia. Ukiwapiga kwa antibayotiki wanapungua, pua inakauka, wewe unafurahi. Wale walikuwa wageni tu, mwenye shughuli yuko ndani anaendelea na kazi yake. Ndiyo maana hata mbwa mwenye uvimbe wa saratani puani anaweza kuonekana amepata nafuu kwa antibayotiki kwa siku kadhaa, kisha hali ikarudi palepale. Nafuu ile ndiyo inayotudanganya. Dawa ingegoma tangu siku ya kwanza, ningeenda kwa daktari mapema.

Nilikwenda siku nilipoona damu kwenye makamasi. Daktari wa mifugo, mama mmoja mpole kupita kiasi, ndiye aliyeuliza: "Tundu lipi?" Alipoona nimeduwaa, hakunicheka, na afadhali angenicheka. Akachukua kipande cha kioo baridi akakiweka mbele ya pua. Upande wa kushoto kioo kikapata ukungu mpana wa pumzi, upande wa kulia kiduara kidogo tu. Sekunde tano, kioo kile hakina hata betri. Akaniambia: makamasi ya tundu moja yakidumu wiki kadhaa, fikiria kitu kilichokaa upande huo. Inaweza kuwa jino lililooza, mbegu ya nyasi au kijiti alichovuta kwa pumzi, ukungu wa Aspergillus (kuvu inayoota puani), au uvimbe. Yakitoka yote mawili tangu mwanzo, ndipo unawaza zaidi virusi, mzio, au ugonjwa wa mwili mzima. Lakini si hivyo kila mara, kwa sababu ukungu na uvimbe unaweza kutoboa ukuta wa kati ukahamia upande wa pili. Kwa hiyo jiulize pia yalianza upande gani.

Kwa Bosi lilikuwa jino. Chonge ya juu, upande wa kulia. Nikabisha! Nikamfunua mdomo mbele ya daktari nikamwonyesha: ona, jino jeupe, zima, halitikisiki. Akanieleza kwamba chonge ya mbwa ina mzizi mrefu kuliko sehemu unayoiona, umepinda kuelekea nyuma, na kati ya mzizi huo na chumba cha pua kuna kijifupa chembamba tu. Ufizi ukiugua upande wa ndani, ule unaotazama kaakaa, usaha unachimba kufuata mzizi, unakula kile kifupa, mdomo na pua vinakuwa nyumba moja. Kwa nje huoni kitu. Ndiyo maana ya chafya baada ya kula: chakula na maji vilikuwa vinapenya kwenda puani.

Ilibidi apigwe nusukaputi ndipo achunguzwe vizuri, kwa kuwa hakuna mbwa atakayekuachia upenyeze chuma kwenye ufizi unaouma huku anakutazama. Daktari akapitisha kijiti chembamba cha kupimia kando ya jino kwa ndani, kikazama, kikazama, na damu ikachuruzika kutoka tundu la pua. Nilionyeshwa picha. Ningependa kusema sikulia, tuseme tu kulikuwa na vumbi.

Jino likang'olewa, tundu likazibwa kwa kuvutia ufizi juu yake na kushonwa. Nyuzi zikafumuka. Mfupa uliokuwa umeliwa kwa miezi minne haukuacha pa kushikia, na kila mbwa akipumua au akipiga chafya pale panasukumwa. Operesheni ya pili ikafuata, na wiki nyingine za chakula laini na ile kola ya plastiki shingoni inayomfanya aonekane kama kipaza sauti kinachotembea. Daktari alisema wazi kwamba tungewahi, pengine pangezibwa mara moja tu. Hizo wiki za kapsuli ndizo zilizonunua operesheni ya pili.

Na muda wote huo alikuwa na maumivu. Sisi nyumbani tulisema anadeka. Alikuwa anakwenda kwenye bakuli, ananusa, anarudi nyuma, kisha anakuja tena kutafuna kwa upande mmoja, na mimi nikamwita mchaguzi. Mbwa haonyeshi maumivu ya jino kama sisi tunavyoshika shavu na kulalamika. Atameza bila kutafuna, atadondosha chakula, atakataa mwanasesere wake wa kutafuna. Hilo tu.

Kuhusu hamu ya kula, basi, kwa kuwa uliuliza: mbwa hula kwanza kwa pua. Pua ikiziba, chakula hakina harufu, ni kama kumwekea udongo. Kipashe kiwe uvuguvugu harufu ipande, kiwe laini, na umsafishe pua kabla. Lakini usimsukumie chakula kooni kwa sindano kwa nguvu, anaweza kukivuta mapafuni ukampatia nimonia juu ya yaliyopo. Siku mbili bila kula kabisa kwa mbwa mkubwa tayari zimepita kiasi cha kukaa nyumbani ukisubiri majibu yetu humu.

Yule mchangiaji aliyekushauri umwekee matone ya watu ya kuzibua pua, naomba usimsikilize. Yale yenye oksimetazolini na jamaa zake yanaweza kumvuruga mbwa mapigo ya moyo hata kwa kiasi kidogo. Na ibuprofeni ya maumivu kwenye kabati lako ni ya kwako peke yako, kwa mbwa inatoboa tumbo na kuharibu figo.

Ukikuta ni matundu yote mawili, na macho yanatoka tongotongo, ana homa, anakohoa au anaharisha, hiyo ni njia nyingine kabisa na inatisha zaidi, hasa kama chanjo hazijakamilika. Distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, huanza hivyohivyo, na kirusi chake ni ndugu wa kirusi cha surua. Hakina dawa ya kukiua, daktari anamtegemeza tu mbwa mwili upambane wenyewe, na baadaye mishipa ya fahamu inaweza kuguswa, ukaona mtikisiko wa misuli au kifafa. Hapo huyo mtoto wa mbwa atenganishwe leo, bakuli zake na matandiko yake peke yake. Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38.3 hadi 39.2 za Selsiasi, kwa hiyo usishtuke kwa 38.8 ukadhani homa. Mimi nilishashtuka.

Na kama ni damu tupu bila makamasi, usikae kuchungulia tundu. Angalia ufizi: ukiwa umepauka, ondoka. Kupe wa kahawia hueneza bakteria ya Ehrlichia canis, inayoshusha chembe za kugandisha damu, na sumu ya panya nayo inaweza kuzuia damu isigande. Vyote viwili vina tiba, ila si ya kusubiri Jumatatu.

Tukirudi kwenye tundu. Ukienda, mwambie daktari mambo haya bila kungoja aulize: upande gani, ulianza lini, chafya huja wakati gani, dawa gani umeshampa na kwa siku ngapi. Usione haya kutaja droo, mimi nilitaja. Mwombe amfunue mdomo na aangalie chonge na magego ya juu kwa upande wa ndani. Akitaka kumpiga nusukaputi ampime meno na kupiga picha, usimkimbie kama nilivyotaka kumkimbia mimi. Picha ya CT na kamera ya kuingiza puani huja ikiwa meno ni mazima, na hapo ndipo wanapotafuta ukungu au uvimbe na kuchukua kinyama cha kupima. Mbwa wa makamo mwenye pua ndefu anastahili kipimo hicho mapema, zaidi kama uso umeanza kuvimba upande mmoja, jicho moja linasukumwa nje, au ngozi nyeusi ya pua inapoteza rangi. Wakikupendekezea kuotesha tu usaha wa puani maabara ili "wajue dawa", uliza kwa nini. Puani hukosi bakteria hata kwa mbwa asiyeumwa, mimi nilipewa orodha ndefu ya majina na hakuna hata moja lililokuwa jino.

Yule jamaa wa miaka ishirini nilimpelekea picha ya jino lililong'olewa. Akajibu: "Hayo mambo ya meno ni ya watu." Wiki iliyofuata akanipigia, mbwa wake anapiga chafya akimaliza kula, nimtajie dawa. Nikamuuliza tundu lipi. Akakata simu.

Bosi sasa anakula kila kitu, pamoja na kamba ya kiatu changu cha kushoto. Akinywa maji kwa pupa bado anakoroma kidogo upande wa kulia, na kila akikoroma nakimbia na tochi.

Haya mkuu, habari za leo? Ni tundu lipi?