Kabla hujaihaki Wii yako chukua bakap ya NAND, mi niliua moja ndo nikajifunza

Wii yangu ya kwanza, ile konsoli ya gemu ya Nintendo, niliiua mwenyewe, kwa mkono wangu, saa saba usiku, na sababu yenyewe ni aibu hata kuiandika: nilitaka kaikoni kazuri. Hamna kingine. Konsoli ilishahakiwa, yaani inaendesha programu zisizo za Nintendo, gemu zinacheza kutoka kwenye hadi diski, kila kitu freshi, ila kila nikitaka kucheza lazima nifungue Homebrew Channel, ile chaneli ya kufungulia hizo programu, afu nichague USB Loader GX, programu ya kuchezesha gemu za kwenye hadi diski, afu ndo nione gemu zangu, na mi nikaona hizo hatua mbili ni mateso makubwa sana. Nikakuta mtu kaweka faili la kutengeneza chaneli ya njia ya mkato, ina picha inazunguka na kamuziki kake, nikaliinstoli bila kuuliza limetoka wapi wala nani kalijaribu. Nikazima, nikawasha. Ile skrini ya tahadhari ya afya ikaja kama kawaida, nikabonyeza A, yakaja maandishi kwamba faili za mfumo zimeharibika. Nikazima, nikawasha. Vilevile. Nikachomoa waya wa umeme, nikahesabu mpaka mia kama mjinga, nikarudisha. Vilevile.

Wenyewe wanasema konsoli imekuwa tofali. Baadaye ndo nikaelewa kilichotokea: menyu ya Wii kila inapofunguka inasoma mabango ya chaneli zote ulizonazo, yaani zile picha na sauti zake, sasa ikikuta bango moja bovu haisemi basi ngoja niliruke hili niendelee, inakwama yote. Kwa hiyo kale kapicha kangu kalikuwa kanazuia mlango wa nyumba nzima. Na bakap ya NAND, yaani kopi ya memori ya ndani ya konsoli, sikuwa nayo, maana mwongozo niliokuwa nafuata ulisema chukua bakap, itakula muda kidogo, na mi nikasema nitachukua kesho.

Basi hapa sitakuandikia kila hatua, miongozo ya hatua kwa hatua ipo na inasasishwa kila mara, ufuate huo. Mi nakuonyesha sehemu za kutulia.

Kwanza kwanini nilihaki. Diski yangu ya Super Smash Bros. Brawl ilianza kugoma, gemu nyingine zote zinasoma ila hiyo tu inaleta eroo, nikajua imekufa. Kumbe ile gemu iko kwenye DVD ya tabaka mbili, lenzi ikishika vumbi kidogo tu au ikianza kuchoka, tabaka la pili ndo la kwanza kushindikana. Wii ilitoka 2006, kwa hiyo hizi lenzi sasa hivi ni wazee, hata ukisafisha bado siku moja itagoma tu. Na duka la ndani ya Wii liliacha kuuza Januari 2019, na Nintendo walishasema hata kushusha tena vile vigemu ulivyonunua kutakuja kusitishwa. Nikaona bora nitoe kopi za diski zangu nicheze kutoka kwenye hadi diski na diski zenyewe zipumzike kwenye makasha.

Uzuri wa Wii hauchomelei chochote. Enzi za PlayStation ya kwanza ilibidi konsoli ifunguliwe, mtu ashike chuma cha moto aunganishe vijiwaya vya modichipu kwenye bodi, kwa sababu diski halisi ilikuwa na alama ambayo CD ya kuchoma nyumbani haiwezi kuibeba, sasa kazi ya chipu ilikuwa kuidanganya konsoli kwamba alama imeonekana. PS2 ikaja na modichipu zake ila baadaye watu wakapata Free McBoot, ambayo inakaa kwenye memori kadi tu. Kwenye Wii ukiwa na SD kadi umemaliza. Kama mfumo wako ni 4.3, ambao ndo wa mwisho, unatumia LetterBomb: unaingiza namba ya MAC ya konsoli yako, ile ya kuitambulisha kwenye mtandao, kwenye ukurasa wao, unashusha faili, unaliweka kwenye kadi, afu unaenda kwenye ubao wa ujumbe unakuta bahasha nyekundu ina bomu. Usipoiona rudi siku moja nyuma au sogea siku moja mbele, tarehe ya konsoli na ya kwao huwa hazilingani. Unaifungua, na hapo ndo umeshaingia.

Kitu cha kwanza utakachoona ni onyo kwamba kama umelipia hii programu umetapeliwa, dai hela yako. Usilichukulie kama utani. Programu zote hizi ni za bure, na rafiki yangu mmoja alimlipa fundi amhakie, akarudishiwa konsoli inacheza vizuri tu ila haina bakap hata moja, na fundi hajui hata swali linahusu nini. Ukimlipa mtu mlipie muda wake, sawa, ila mwambie akupe faili la NAND mkononi.

Sasa tutulie hapa. Ile programu ya kuinstoli itakupa vitu viwili, Homebrew Channel na BootMii, ambayo ndo ya kuchukua na kurudisha bakap ya NAND. Watu wengi wanaweka Homebrew Channel wanaondoka. Usiondoke. Soma inasemaje kuhusu BootMii, kwa sababu Wii ziko za aina mbili: za zamani zinakubali BootMii ikae kwenye boot2, yaani inaamka kabla ya menyu na kabla ya kila kitu, na za baadaye zinakubali ikae kama IOS tu (kijimfumo cha ndani ya Wii, nitakieleza mbele), ambayo mpaka konsoli ifike mahali fulani ndo uweze kuiita. Tofauti ni boot1, kijiprogramu cha kuwashia konsoli kilichowekwa kiwandani, ya zamani ilikuwa na kosa, wakalirekebisha kwenye konsoli zilizofuata, na hiyo sehemu haibadilishwi konsoli ikishatoka kiwandani. Kwa hiyo ni bahati yako tu. Ukipata ya boot2 shukuru, maana hata uharibu menyu nzima bado unaweza kurudisha bakap. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa ya IOS tu, na sikujua hata maana yake, niliona maandishi nikabonyeza endelea.

Bakap yenyewe haina ugumu, ni uvumilivu tu. SD kadi iwe na nafasi zaidi ya MB 512, maana ndo ukubwa wa NAND, mi nasema acha GB 1 nzima usibanane. Ukiingia BootMii rimoti haifanyi kazi, usihangaike kubadilisha betri kama mimi, unatumia vitufe vya konsoli yenyewe, Power unasogea na Reset unachagua, au padi ya GameCube kama unayo. Inaanza kusoma, vimraba vinajaa skrini taratibu, kaa nayo. Ukiona imekuambia kuna bloku mbovu chache usishtuke, hizo zinatoka kiwandani hivyohivyo. Acha na ihakiki mpaka mwisho. Ukimaliza una faili la nand.bin na keys.bin, yahamishe yote mawili kwenye kompyuta siku hiyohiyo na uweke kopi nyingine sehemu tofauti, maana SD kadi ndo vitu vya kwanza kupotea ndani ya nyumba. Na usije ukanitumia meseji kuomba nand.bin yangu, nishaombwa mara nyingi, kila Wii ina funguo zake, bakap ya kwangu kwako haikusaidii chochote.

Ukishatoka hapo weka Priiloader kabla ya kitu kingine chochote. Hiyo inakaa mbele ya menyu, ukiwasha konsoli huku umeshikilia Reset inakuletea orodha yake, unaweza kuingia Homebrew Channel hata kama menyu imekufa. Kwa sisi wa IOS tu huyu ndo mlinzi wetu. Pia ndani yake zuia apdeti, za intaneti na za kwenye diski, kwa sababu diski nyingi za gemu zimebeba apdeti ndani yake, na ukiweka diski ya kanda nyingine ukakubali apdeti yake unaweza kujikuta na konsoli nusu mzima nusu mfu.

Halafu ndo cIOS. Kwa kifupi IOS ni kijimfumo kinachokaa kati ya gemu na vifaa, gemu ikitaka kusoma diski inakiomba chenyewe, sasa cIOS ni toleo lililorekebishwa ambalo gemu ikiomba diski linaenda kusoma hadi diski na gemu haijui lolote. Inayotumika inaitwa d2x, unaiweka slot (nafasi) 249 kwa besi 56, yaani IOS 56 ndo msingi wake, na slot 250 kwa besi 57, ukiweka hivyo gemu karibu zote zinakaa sawa. Usianze kuchezea namba nyingine kwa sababu mtu kasema zina kasi zaidi.

Sehemu iliyonila wikiendi nzima ni hadi diski, na hakuna aliyenionya. Iwe FAT32, ukubwa wa klasta KB 32, na mpangilio wa patisheni uwe MBR, sio GPT. Ya kwangu ilikuwa GPT, kompyuta inaiona vizuri kabisa, Wii inasema hakuna kitu, nikabadilisha waya, nikabadilisha cIOS, karibu nianze kuinstoli upya kila kitu. Chombo cha kawaida cha kufomati cha Windows kimezoeleka kukataa FAT32 ikizidi GB 32, tafuta programu nyingine ya kufomati. Chomeka kwenye tundu la USB lililo karibu na ukingo wa konsoli, lile jingine mara nyingi haliangaliwi. Na tumia hadi diski ya kweli, fleshi zinacheza leo kesho gemu inaganda katikati, mi nimeshaacha kuhangaika nazo. Kama hadi diski yako inazima zima yenyewe, umeme wa USB moja haitoshi, tafuta waya wa vichwa viwili uchomeke matundu yote mawili.

Kutoa kopi kutoka kwenye diski unatumia CleanRip ndani ya Wii hiyohiyo, maana DVD draivu ya kompyuta kwa kawaida diski ya Wii haiisomi kabisa. Diski moja inakula nusu saa au zaidi, weka unaenda kufanya kazi zako. Na ndo maana nasema fanya mapema, diski iliyochoka na lenzi iliyochoka vikikutana hutoi kitu, ile Brawl yangu niliitoa jaribio la nne baada ya kusafisha lenzi na kuibembeleza. Usishangae faili la mwisho kuwa dogo, diski ni ya GB 4.7 ila gemu nyingi zimejazwa takataka za kufidia nafasi, ukigeuza kwenda WBFS, muundo wa faili wa gemu za Wii, zile takataka zinatoka, New Super Mario Bros. Wii haifiki hata GB 1. Kubwa ikizidi GB 4 programu inaikata vipande yenyewe kwa sababu FAT32 haibebi faili kubwa kuliko hapo. Zote ziende kwenye folda linaloitwa wbfs na kila gemu iwe na ile ID yake ya herufi na tarakimu, jumla sita, ukikosea ID loda inakutazama tu.

Kuhusu sheria, sio nchi zote zinaangalia hili kwa jicho moja, na kuna zinazokataza kuvunja kufuli lenyewe hata kama diski ni yako, Marekani wana sheria yao ya 1998 inayosema hivyo, kwa hiyo angalia ya kwako. Mi nina msimamo wangu: natoa kopi za diski nilizonazo, na nikiiuza diski nafuta na kopi. Ukija kuniuliza wapi pa kushusha gemu ambazo huna nakuacha ulipo.

Sasa kuna kitu kinaniuma mpaka leo. Ile Wii ya kwanza nilikaa nayo wiki kadhaa nikiitazama, afu nikampa jamaa anayekusanya konsoli mbovu kwa ajili ya vipuri, nikanunua nyingine iliyotumika nikaanza upya, safari hii kwa adabu. Miezi baadaye nasoma mambo mengine kabisa nakutana na maelezo kwamba Wii ikifika kwenye ile skrini ya tahadhari ya afya, ukishikilia + na − kwenye rimoti kwa pamoja, inaingia hali ya matengenezo, ambayo haisomi mabango ya chaneli, ila ubao wa ujumbe unafunguka. Ubao wa ujumbe! Yaani bahasha yangu nyekundu ya bomu ingekuwa palepale, ningeingia kwa mlango uleule niliouingia mara ya kwanza, nifute ile chaneli mbovu, nizime, niwashe, niendelee kucheza. Kazi ya dakika kumi. Kwa hiyo kama wewe tofali lako bado linafika kwenye ile skrini, usilitoe kwa mtu kabla hujajaribu hivyo vitufe viwili.

Nilimpigia jamaa usiku uleule. Alishaifungua zamani, draivu kaipeleka kwenye konsoli nyingine, na lile gamba jeupe anawekea skrubu.