Muulize Mwalimu: Amplifaya Yangu Inasoma Kinyume

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa nne, uhandisi wa elektroniki, Dar es Salaam. Mradi wangu ni kumbukumbu ya SRAM ya biti 4,096, mistari 64 kwa safuwima 64, kwa teknolojia ya SkyWater ya nanomita 130. Amplifaya za kuhisi, zinazosoma biti kutoka kwenye seli, ni 16, kila moja inahudumia safuwima 4, na saa ni megahezi 50. Simulesheni ya kawaida kwenye programu ya ngspice inatambua hata tofauti ya milivolti 2. Nilipoendesha Monte Carlo, yaani simulesheni inayobadilisha transista kwa nasibu, mara 1,000, ofseti (volteji ambayo amplifaya huegemea upande mmoja) ikatawanyika: mchepuko sanifu, yaani kipimo cha mtawanyiko, milivolti 15, na chache zilipita 45. Msimamizi akaniambia nikuze transista. Nikaongeza upana wa zote mara mbili, nikitegemea ishuke hadi 7.5. Imegota 10.6. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujakosea. Gawanya 15 kwa kipeuo cha pili cha 2 uone unapata ngapi. Marcel Pelgrom na wenzake wa Philips waliichapisha kanuni hiyo mwaka 1989: tofauti ya volteji ya kizingiti, ile inayoiwasha transista, kati ya transista mbili pacha hupungua kwa kipeuo cha pili cha eneo la geti, sehemu inayoidhibiti transista. Ukitaka nusu, lipa eneo mara nne.

Kwa wasomaji wengine, hapa kinachozungumzwa ni hiki. Seli ya SRAM ni dhaifu, haiwezi kuuvuta waya mrefu kwa haraka. Basi nyaya mbili huchajiwa hadi volti 1.8 zote sawa, seli ikaanza kuushusha mmoja, na amplifaya ikaamua upi umetangulia. Ili iamue kwa haki, transista zake mbili zinapaswa kufanana. Hazifanani. Atomi za uchafu chini ya geti huangukia ovyo, hapa nyingi, pale chache, na transista moja huwaka mapema kuliko mwenzake.

Marehemu mama yangu aliuza dagaa Kirumba, Mwanza, kwa mizani ya sinia mbili. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, aliiinua tupu na kuikodolea macho. Sinia moja ilikuwa nyepesi, naye alikuwa ameifunga misumari miwili kwa chini. Wateja wapya walidhani ni wizi! Nitairudia misumari hiyo.

Kwanza niambie wastani wa ofseti yako. Umenipa mtawanyiko tu. Wastani ukiwa karibu na sifuri, shida yako ni bahati nasibu ya atomi. Ukiwa umeegemea upande mmoja, kosa liko kwenye mchoro wako, na kukuza transista hakutakusaidia kitu. Nilijifunza kwa aibu. Kwenye chipu yangu ya kwanza nilivuta waya wa kupimia kutoka tokeo la kulia, la kushoto nikaliacha bila kitu. Simulesheni ilikuwa safi kwa sababu niliiendesha kabla ya kukokotoa kapasitansi za nyaya kutoka kwenye mchoro. Chipu zilipofika, karibu zote zilipendelea kusoma moja. Mzigo wa ule waya ndio uliopindisha mizani. Siku hizi kila kitu nakiweka jozi: transista zinaelekea upande mmoja, kandokando nina transista bandia ili za pembeni zisione mazingira tofauti, na waya wa kulia ukikata kona, wa kushoto nao unakata.

Pili, umekuza zote, na hapo umetupa eneo. Nyaya zako zinaanzia juu, kwenye 1.8, kwa hiyo wakati wa uamuzi transista za P, zinazovuta waya juu, bado zimelala. Mechi inachezwa na jozi ya N, inayovuta chini. Rudisha P zilivyokuwa, kuza N peke yake, utaona namba ile ile au karibu nayo. Transista ya chini inayowasha amplifaya nayo ipunguze kidogo. Ikiwaka taratibu, jozi hupata nafasi ya kusikiliza nyaya kabla ya amplifaya kujifungia uamuzi wake.

Tatu, na hapa natofautiana na msimamizi wako, kwa heshima zote: kwa nini unaitafuta 7.5? Tuseme seli yako inavuta mikroampea 40 na waya una kapasitansi ya femtofaradi 100. Kila pikosekunde inakupa milivolti 0.4. Ukijilinda kwa michepuko 4, ofseti ya 15 inadai milivolti 60, yaani pikosekunde 150. Ile ya 10.6 inadai kama 106. Umepanua kila transista mara mbili ili uokoe pikosekunde 44, ilhali mzunguko mmoja wa saa yako ni pikosekunde 20,000! Chelewesha tu ishara ya kuwasha. Kwa amplifaya 16 na michepuko 4, chipu mbovu itakuwa kama moja katika elfu. Kwa michepuko 3 zingekuwa kama nne katika mia, na hapo ningekukataza.

Wasanifu wa DRAM, kumbukumbu inayohifadhi kila biti kama chaji kwenye kapasita, ndio wenye haki ya kulia. Chipu ya gigabiti 8, kila amplifaya ikihudumia seli 1,024, ina amplifaya zaidi ya milioni 8. Michepuko 4 ingewaachia mbovu zaidi ya 500. Tena kwao kungoja hakuongezi kitu. Kapasita ya femtofaradi 10 ikimwaga chaji yake kwenye waya wa 40 uliowekwa nusu ya volti 1.1, unapata milivolti 110, basi, na hapo hatujahesabu chaji iliyovuja tangu seli iandikwe. Huko ndiko misumari ya mama inakolipa. Kabla ya kusoma, kila transista huunganishwa geti na dreni yake (ncha yake ya kutolea mkondo), waya wake ukatulia mahali kizingiti chake kinapotaka, na tofauti ikabaki imehifadhiwa kwenye nyaya zenyewe. Ndipo seli hufunguliwa. Gharama yake ni swichi za ziada, hatua moja zaidi kwenye kila usomaji, na swichi zenyewe hudondosha chaji zinapozimwa.

Wewe mbinu hiyo usiiguse. Ukibaki na muda, weka amplifaya mbili ndogo kila mahali na uchague iliyo bora wakati wa kupima chipu. Mbili kuharibika pamoja ni nadra sana, na wasahihishaji watapata cha kukuuliza.

Nitumie wastani.