Kumtangaza mshindi Kenya: mambo ya kujua kabla ya kuingia kituo cha kujumlishia kura

Anayeanza kazi ya uchaguzi, awe wakala wa chama, karani au wakili mchanga, huenda akadhani mshindi hutangazwa na maneno ya mwenyekiti wa tume ya uchaguzi (IEBC) pale Bomas, ukumbi wa Nairobi ambako kura za rais zimekuwa zikijumlishwa. Maneno yale yanategemea fomu zilizojazwa na kutiwa sahihi vituoni na maeneobunge. Kwa hivyo jambo la kwanza la kushika ni nani anatia sahihi fomu ipi.

Kifungu cha 86 cha Katiba kinamwamuru afisa msimamizi wa kituo ahesabu kura na kutangaza matokeo kituoni kwake bila kukawia. Kisha msimamizi wa uchaguzi anayajumlisha hadharani na kuyatangaza. Hakuna mahali walipopewa hiari ya kungoja simu kutoka juu. Mbunge na mwakilishi wadi hutangazwa na msimamizi wa eneobunge; gavana, seneta na mwakilishi wa kike hutangazwa na msimamizi wa kaunti; rais hutangazwa na mwenyekiti wa IEBC.

Fomu za vituoni zote zina herufi A: 34A ya rais, 35A ya mbunge, 36A ya mwakilishi wadi, 37A ya gavana, 38A ya seneta na 39A ya mwakilishi wa kike. Za herufi B ni za kujumlisha. Kesi nyingi huzaliwa kwenye A, kwa hivyo hapo ndipo pa kukaza macho. Jumlisha mwenyewe kura za wagombea wote, kisha linganisha na idadi ya kura halali iliyoandikwa. Kituo kimoja hakipaswi kuwa na wapiga kura zaidi ya 700, kwa hiyo 34A yenye kura 812 ina kasoro inayoonekana bila kikokotoo. Makosa ya kawaida ni ya uchovu: 126 inaandikwa 162, kura za mgombea mmoja zinaingia mstari wa jirani, kura zilizoharibika zinajumlishwa na zilizo halali. Wakala akishuku hesabu, aombe kura zihesabiwe upya palepale kituoni. Kanuni zinaruhusu hilo mara mbili tu. Fomu ikishaondoka, msimamizi wa eneobunge hana ruhusa ya kuirekebisha kwa kalamu yake.

Wakala mgeni hupenda kususia sahihi akidhani ameyabatilisha matokeo. Sivyo. Wakala kukataa kutia sahihi, au kutokuwepo, hakubatilishi matokeo peke yake. Heri uandike sababu za malalamiko kwenye fomu yenyewe, uchukue nakala yako, kisha upige picha ile iliyobandikwa kwenye mlango wa kituo. Mahakamani utaulizwa fomu.

Kwa rais, Kifungu cha 138 kinadai mambo mawili kwa pamoja: zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Asilimia hizo hukokotolewa kwa kura halali pekee. Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 2013. Uhuru Kenyatta alikuwa na kura 6,173,433, ambazo ni asilimia 50.07 ukihesabu na zilizokataliwa, na takriban 50.5 ukiziondoa. Pengo dogo namna hiyo linaweza kuamua kama kuna duru ya pili.

Mwenyekiti ana siku saba tangu uchaguzi kutangaza matokeo na kumjulisha kwa maandishi Jaji Mkuu na rais aliye madarakani. Lakini kuwahi muda hakutoshi. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, na miongoni mwa sababu ni kwamba mshindi alitangazwa kabla tume haijapokea fomu 34A zote. Mwaka 2022 makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo. Mahakama ilisema kazi ya kuhakiki na kujumlisha ni ya tume nzima, si ya mwenyekiti peke yake, ila haikuyafuta matokeo, kwa kuwa wanne hao walishiriki karibu mpaka mwisho na hawakuleta ushahidi kwamba hesabu ilivurugwa.

Wakili mchanga, angalia kalenda. Kesi ya rais huwasilishwa ndani ya siku saba tangu matokeo kutangazwa, na mahakama ina siku 14 kuiamua. Kwa viti vingine una siku 28. Katika kesi ya Joho na Shahbal kuhusu kiti cha gavana wa Mombasa, mwaka 2014, Mahakama ya Juu iliamua kwamba siku hizo zinaanza pale msimamizi anapotangaza matokeo na kumpa mshindi cheti. Tarehe ya gazeti rasmi la serikali haihesabiki. Ukianza kuhesabu kutoka gazetini, unaweza kufika kwa msajili wa mahakama ukiwa na ushahidi wote mkononi na muda umeshapita. Siku hizo 28 ziko ndani ya Katiba, kwa hiyo jaji hana uwezo wa kukuongezea hata moja.