Nikate rufaa IELTS au nirudie?

Swali: Shikamoo dada, niko Nyegezi, Mwanza. Kwenye IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, nimepata 7 kusikiliza na kusoma, kuongea 6.5 ila kuandika 6, na chuo cha Uingereza kinataka 6.5 kila sehemu, nifanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, pole, hiyo nusu inauma kweli. Kama kwenye mazoezi ulikuwa unapata 6 hiyo hiyo basi usichome hela kwenye rufaa, jiandae urudie. Ila kama ulikuwa unavuka, kata rufaa, tena ya kuandika tu, maana pale anasahihisha mtu na mwingine anaweza kuona tofauti, ingekuwa kusikiliza ningekwambia achana nayo. Una wiki 6 toka siku ya mtihani kukata rufaa, alama ikibadilika hela ya rufaa inarudi. Majibu yanaweza kufika hata siku 21, kwahiyo waandikie chuo leo uwaombe wakusubiri.