Shangazi, nisamehe deni au nikachukue cherehani yake?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaanga samaki hapa Ngamiani. Mwezi wa kwanza nilimkopesha mwenzangu wa kwaya laki nne, mwanawe alikuwa anaingia kidato cha kwanza, shule ya bweni. Akaahidi kunirudishia Pasaka. Mpaka leo amenipa elfu sitini tu, na nikimpigia simu hapokei. Yeye ni fundi cherehani, na wateja anao. Jumapili iliyopita alikuja kanisani na kitenge kipya, nikashindwa hata kuimba. Nilimweleza mzee wa kanisa, akasema Biblia imeagiza saba mara sabini, nisamehe yaishe. Mwingine akaniambia Mkristo hamshitaki Mkristo mwenziwe. Mume wangu anasema Jumamosi anakodi mkokoteni tukachukue cherehani. Mtaji umekatika, Deep Sea sasa nachukua samaki kwa mkopo. Je, nikimdai natenda dhambi?*

*Mkaanga Samaki, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Soko la Deep Sea nalijua, na najua mwenye kuchukua kwa mkopo hachagui. Wenye fedha mkononi wanatangulia alfajiri, wewe unabakishiwa waliolegea macho. Jioni mteja akigeuza kipande kwenye sinia na kukiacha, hasara ni yako. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba hili ni jambo dogo la "kumwachia Mungu".

Nakujibu moja kwa moja: kudai chako si dhambi. Zaburi ya 37, aya ya 21, inasema asiye haki hukopa wala halipi. Anayesemwa pale ni aliyekopa, hakuna neno juu ya aliyekuja kuulizia. Shida yako ni kwamba umepewa aya moja moja, kila mtu kakumegea kipande kinachomfaa yeye. Fungua ukurasa mzima.

Hiyo saba mara sabini iko Mathayo 18, aya ya 22. Sasa panda juu kidogo, aya ya 15 mpaka 17. Ndugu yako akikukosa, nenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili. Asiposikia tena, liambie kanisa. Hapo hakuna anayeambiwa anyamaze. Petro ndipo anauliza asamehe mara ngapi, baada ya kwisha kusikia hayo. Mzee wako wa kanisa kaanzia katikati ya mazungumzo, kama mtu aliyeingia harusini wakati wa kukata keki.

Kisha shuka chini, aya ya 23 na kuendelea, kwa yule mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi halafu akamkaba mwenzake kwa dinari mia. Wahubiri wengi wanapenda kusema dinari mia ni vijisenti. Si kweli. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa kutwa nzima, utaliona hilo Mathayo 20, kwenye shamba la mizabibu. Dinari mia ni siku mia za jasho, miezi mitatu na ushei. Ni fedha ya kumtoa mtu machozi, kama hii yako. Ukiiweka kando ya talanta elfu kumi ndipo inaonekana ndogo, maana talanta moja peke yake ilikuwa kama dinari elfu sita. Yesu hakusema yule mwenzake hakuwa na deni. Sikiliza na ombi la mdaiwa: "Nivumilie, nami nitakulipa yote pia." Anaomba muda tu, wala hajaomba afutiwe. Alichohukumiwa yule mtumwa aliyedai ni ule mkono wake shingoni mwa mwenzake, na jela aliyomtupa ambako asingepata hata senti ya kulipia.

Basi msamaha unaodaiwa kwako, mwanangu, ni wa moyoni. Usimkabe, usimtangaze sokoni, usimwimbie mafumbo kwenye mazoezi ya kwaya. Na hicho kitenge kiache. Hujui kama kanunua au ni mabaki ya kitambaa cha mteja. Mafundi ndivyo wanavyovaa. Fedha ni jambo lingine. Paulo alipomwombea mtumwa Onesimo kwa bwana wake Filemoni, hakumwambia "sahau hasara". Alimwambia kama unamwia kitu, kiandike juu yangu, mimi nitalipa, na akaandika kwa mkono wake mwenyewe. Mzee wa kanisa anayetaka laki tatu na arobaini zako zifutwe anayo njia hiyo ya kitume. Atoe kalamu.

Huyo wa "Mkristo hamshitaki Mkristo" kasoma 1 Wakorintho 6. Sitakuficha, aya ya 7 ipo, Paulo anauliza mbona si afadhali kudhulumiwa. Ila aya ya 5 anawaaibisha Wakorintho akiwauliza: kweli kwenu hakuna hata mtu mmoja mwenye hekima awezaye kuamua kati ya ndugu na ndugu? Na aya ya 8 anawageukia wanaodhulumu ndugu zao. Kwa hiyo usharika unaokuzuia kwenda mahakamani unajitwika kazi ya kukuamulia. Hauwezi kukufungia mlango wa mbele na wa nyuma.

Sasa cherehani. Hapa nitamkatalia mumeo, na nitakaa kidogo.

Kumbukumbu la Torati 24, aya ya 6, inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu. Jiwe lile ndilo lililotoa unga wa siku. Jiwe la kusagia la mwenzako ni hiyo cherehani. Ukiibeba, umempa na udhuru wa kutokulipa, maana atakulipa kwa kushona na nini?

Hili nimejifunza kwa aibu. Kijana mmoja aliyekuwa akipitisha mikate kwa baiskeli nilikuwa namdai elfu thelathini, nikamzuilia baiskeli. Si unajua Tanga hii, mtu bila baiskeli hana miguu. Ilikaa imeegemea ukuta wa jiko langu miezi miwili, gurudumu la nyuma likaisha upepo, kuku wakaifanya kitagio. Deni halikupungua hata mia. Nilipomrudishia nililipwa kwa mikate, mkate mmoja kila asubuhi, mpaka watoto wakaniomba nimsamehe.

Soma na aya ya 10 na 11 hapo hapo. Ukimkopesha jirani yako, usiingie nyumbani mwake kutwaa rehani. Simama nje, yeye mwenyewe akuletee. Sisi wa pwani tunalielewa hili kuliko wengi, maana ndiyo kazi ya baraza. Mtu anadaiwa barazani, chumba chake kinabaki na heshima yake.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda siku ya kazi, si Jumapili baada ya ibada mbele ya macho ya watu. Nenda baada ya magharibi, wateja wake wakiwa wameondoka. Nenda peke yako, mumeo abaki nyumbani. Piga hodi, kaa barazani, ukikaribishwa ndani sema hapa panatosha. Mwambie: "Dada, sikuja kugombana. Nakudai laki tatu na arobaini, na mtaji wangu umekufa. Naomba tupange." Halafu nyamaza, umwache aseme. Huenda utasikia jambo ambalo simu isiyopokelewa haikukwambia.

Akisema hana, usiondoke na "nitaona". Elfu ishirini kwa wiki zinamaliza deni kwa wiki kumi na saba. Kama ni nyingi kwake, elfu kumi, wiki thelathini na nne. Sehemu nyingine anaweza kulipa kwa kazi: sare za wanao azishone yeye, kwa bei anayowatoza wengine, na mpunguze kwenye deni. Andikeni kwenye daftari, mtie saini wote wawili, na awe anatuma kwa simu ili ujumbe ubaki. Usiongeze hata shilingi ya fidia. Kutoka 22:25 inakataza kumtoza riba ndugu mhitaji, na wewe mlipopatana hukumwambia kuna riba.

Akikataa au akikukimbia, rudi na watu wawili, na mmoja awe mtu anayempenda yeye. Wawili wa upande wako wataonekana wamekuja kwa ugomvi. Hapo pakishindikana, mpelekee mchungaji na wazee hilo daftari, uwaombe waamue, uwasomee na ile aya ya 5 ya Wakorintho. Wakikaa kimya nao, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na mahakama ya mwanzo ipo. Sitakuita mpagani. Paulo huyo huyo, mambo yalipomzidi, alikata rufani kwa Kaisari.

Deni si mgeni wa Tanga, eti laja leo laondoka leo. Litachukua miezi. Katika miezi hiyo endelea na kwaya, simama sauti yako ile ile, na akikusalimu itikia. Ila akikuomba tena mkopo, mwambie huna, na utakuwa umesema kweli.

Mwenye mkokoteni mpigieni leo, asije Jumamosi.

Shangazi